Kisamvu kwa Mbwa: Kwanza Kitwangwe, Kisha Kichemshwe

Soko la Kariakoo liko katikati ya jiji la Dar es Salaam, lakini mboga zake hazikuota pale. Kisamvu kinachouzwa katika mitaa inayolizunguka soko hilo hutoka mashambani, upande wa Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo. Pengine kimechumwa na wewe mwenyewe unayesoma ukurasa huu. Jua linapotua wauzaji hukunja magunia yao. Majani yaliyonyauka hutupwa chini pamoja na maganda ya mihogo, na hapo ndipo mbwa huingia.

Wenyeji wengi wa Kariakoo ni Waislamu, na hawafugi mbwa ndani ya nyumba zao. Lakini maghala na nyua za maduka zina walinzi, na baadhi ya walinzi hao wana mbwa. Mlinzi hupika ugali wake usiku, naye mbwa hupata ukoko na vichwa vya dagaa. Siku ambazo fedha ni chache mboga huwa kisamvu, na mbwa hupewa hicho hicho. Mlinzi mmoja wa ghala karibu na Mtaa wa Mkunguni aliniuliza hivi: "Mzee, kisamvu kinamdhuru mbwa, au hakimdhuru? Maana mimi nakila tangu utoto wangu na sijapata kuugua."

Aliuliza kwa sababu. Mbwa wa jirani yake, jike jeusi, alikula rundo la majani na maganda yaliyotupwa jioni. Kabla ya usiku wa manane akaanza kuyumba, akatokwa na mate, akaanguka na kutupa miguu. Watu wakasema ana kichaa, wakachukua marungu. Asubuhi mzoga wake ukapelekwa jalalani. Hakuna aliyepata kujua kama mbwa yule alikuwa na kichaa au alikuwa amekula sumu. Na kabla watu hawajafika, mtoto mmoja wa ua ule alikuwa amempanua mbwa kinywa ili amnyweshe maji. Je, mtoto yule alihitaji sindano, au hakuhitaji? Swali hilo ndilo lililomnyima mlinzi usingizi, na ndilo lililofanya habari ya chakula cha mbwa iingie katika ukurasa wa afya ya watu.

Jibu la swali lake la kwanza ni hili. Kisamvu kilichotwangwa vizuri, kikachemshwa katika chungu kisichofunikwa, kikatolewa kidogo na bila kitunguu, hakimdhuru mbwa mkubwa mwenye afya. Kisamvu kibichi ni sumu kwa mbwa, kwa mbuzi, kwa ng'ombe na kwa mtu.

SUMU IKO WAPI?

Wafugaji wanajua kwamba mbuzi akiingia katika shamba la muhogo na kula majani mengi kwa pupa, anaweza kufa kabla hajafika nyumbani. Sumu inayomuua inaitwa sianidi. Lakini jani la muhogo lililo zima halina sianidi iliyo huru. Ndani ya jani mna kitu kiitwacho linamarini, na sianidi imefungwa humo kama risasi iliyo ndani ya ganda lake. Katika jani hilo hilo, lakini katika chumba kingine, mna kimeng'enya, yaani kitu chenye kazi ya kuvunja linamarini. Jani likiwa zima, vitu hivi viwili havikutani. Likitafunwa, likipondwa au likitwangwa, kuta za vyumba hubomoka. Kimeng'enya hukutana na linamarini, nayo sianidi hufunguliwa.

Basi mbuzi anayetafuna jani bichi anaifungua sumu kinywani na tumboni mwake mwenyewe. Bibi anayetwanga kisamvu kinuni anaifungua vile vile, lakini anaifungua nje ya mwili, mahali ambapo inaweza kuondoka. Sianidi iliyofunguliwa hugeuka hewa upesi sana. Joto la nyuzi 26 za Selsiasi linaitosha, nalo ni joto la asubuhi ya kawaida pale Dar es Salaam. Ikichemshwa juu ya moto hutoka pamoja na mvuke.

Wengi hudhani kwamba kutwanga ni kwa ajili ya kulainisha mboga tu, na kwamba moto ndio unaoua sumu. Ni kinyume chake. Ukichukua majani mazima ukayatia moja kwa moja katika maji yanayochemka, unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake. Linamarini yenyewe haivunjwi kwa urahisi na maji ya moto, kwa hiyo nyingi hubaki katika jani na katika mchuzi. Jani litaonekana limeiva na litakuwa laini, lakini bado limebeba sumu iliyofungwa, na vijidudu vilivyomo matumboni huweza kuifungua. Yule mlinzi wetu hakuwa na kinu ghalani. Alikuwa akikata majani kwa kisu vipande vikubwa, anatia maji na kufunika sufuria ili mkaa usiishe haraka. Hakutwanga, na alifunika. Makosa yake yalikuwa mawili, na yote mawili yalikuwa ya kubana matumizi.

KUTWANGA KWANZA

Kitwange kisamvu mpaka kiwe kama ugoro uliolowa, kusiwe na kipande cha jani kinachotambulika. Siku hizi pale Kariakoo kinauzwa kisamvu kilichokwisha kutwangwa au kusagwa kwa mashine. Hicho kinafaa, lakini usidhani kwamba kwa kuwa kimesagwa basi kimekwisha kuwa salama. Sumu yake imefunguliwa, haijaondoka yote. Ukifika nacho nyumbani kitoe katika mfuko, kitandaze katika ungo au sinia mahali penye hewa kwa muda, kisha kioshe kwa maji mengi, ukikamue na kumwaga maji hayo. Yamwage mbali, mahali ambapo kuku na mbwa hawayanywi.

Baada ya hapo chemsha. Usifunike chungu. Acha kichemke kwa muda usiopungua nusu saa, na ikiwa kuni zinatosha acha saa nzima. Ukipikia katika kibanda kidogo, acha mlango wazi wala usiinamie mvuke. Akina mama wa pwani hufanya karibu yote haya bila kuambiwa na mtu yeyote, na hawakuyapata katika maabara. Hatari huingia pale mtu anapoharakisha, au pale anayepika si yule aliyefundishwa na mama yake.

Jambo moja huwakosesha hata wapishi wazuri. Majani machanga ya juu huchaguliwa kwa sababu ni malaini. Ulaini si dalili ya usalama. Jani changa kwa kawaida lina sumu nyingi kuliko jani lililokomaa. Wala usitegemee kwamba muhogo wa shamba hilo ni mtamu. Muhogo mtamu una sumu kidogo katika mzizi wake, lakini majani yake bado yana sumu ya kutosha kuua mnyama. Maganda nayo yana sumu nyingi kuliko nyama ya muhogo, na hayo ndiyo yanayotupwa ovyo na wauza mihogo.

MBWA SI MTU

"Mimi nakila na sijapata kuugua." Maneno ya mlinzi ni ya kweli, lakini hayathibitishi lolote juu ya mbwa wake. Mwili wa mtu au mnyama hujikinga na sianidi kwa kuigeuza kuwa kitu chenye madhara madogo, ambacho hutoka kwa njia ya mkojo. Kazi hiyo inahitaji kimeng'enya maalumu cha mwilini, na inahitaji salfa, yaani ile asili ya kiberiti iliyomo katika utomwili wa nyama, samaki na mayai. Mbwa ana kidogo cha kimeng'enya hicho kuliko wanyama wengine wengi. Kwa hiyo kiasi ambacho mwili wa mtu unakimudu kinaweza kuulemea mwili wa mbwa, licha ya kwamba mbwa ana kilo 15 na mlinzi ana kilo 60.

Majani ya muhogo yana utomwili mwingi kupita mboga nyingi, na ndiyo maana tunayasifu. Lakini katika utomwili huo salfa ni chache. Ndiyo kusema jani linaleta sumu na halileti dawa yake. Dawa yake iko kwa dagaa. Mlinzi aliyempa mbwa ugali na kisamvu siku ile dagaa walipokosekana alimpa kisamvu siku ambayo mwili wa mbwa ulikuwa na kinga ndogo kabisa.

Jambo hili tumeliona kwa binadamu pia, tena kwa uchungu. Mwaka 1985 huko Tarime, Mkoa wa Mara, watu walipatwa na ugonjwa wa kupooza miguu kwa ghafla, uitwao konzo. Ulikuwa wakati wa ukame. Chakula kilikuwa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa kwa muda unaotakiwa, na kitoweo cha samaki au nyama kilikuwa hakipatikani. Mkoa wa Mtwara nao ulipatwa miaka ya baadaye. Waliopooza hawakupona miguu yao. Kwa upande wa mbwa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 kutoka Nigeria ulihusu mbwa wanaokua waliolishwa chakula cha muhogo kila siku, wakalinganishwa na mbwa waliolishwa wali. Wale wa muhogo walionekana wameharibika ini, figo na moyo. Hawakufa siku moja kama yule jike wa Kariakoo. Waliharibika polepole, na mwenye mbwa asingeona kitu.

Kwa hiyo kiasi ni hiki: kwa mbwa wa kilo 15, vijiko viwili au vitatu vya kulia vya kisamvu kilichoiva, vikichanganywa na ugali na dagaa au mabaki ya samaki, na isizidi mara mbili kwa juma. Siku isiyo na dagaa iwe siku isiyo na kisamvu. Mtoto wa mbwa, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na mbwa aliyekonda, wasipewe kabisa. Muhogo wenyewe usifanywe kuwa chakula cha mbwa cha kila siku badala ya ugali wa mahindi.

KISAMVU CHA MPIRA

Iko mboga nyingine ambayo si watu wote wanaijua, na ambayo mnunuzi mgeni huweza kuuziwa akidhani ni kisamvu cha kawaida. Hii ni kisamvu cha mpira. Majani yake hutoka katika mti mrefu ulio ndugu wa muhogo, wenye asili ya Brazili. Wajerumani waliupanda hapa nchini mwanzoni mwa karne ya 20, hasa upande wa Tanga, ili kugema mpira. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 mashamba mengi yaliachwa, lakini miti ikabaki. Watu wa pwani wakagundua kwamba majani yake yanaliwa, na wako wanaoyapenda kuliko ya muhogo wenyewe, kwa kuwa mti hauchoki kuchumwa na hauharibu mavuno ya mihogo.

Mti huu nao una linamarini. Kila nililolisema juu ya kutwanga, kuosha na kuchemsha linauhusu. Kwa mbwa ushauri wangu ni mfupi: usimpe. Mtu anayekijua kisamvu cha mpira kwa mazoea yake ajipikie mwenyewe.

MWIKO NI KITUNGUU

Tuseme sasa kisamvu kimetwangwa na kuchemshwa vizuri. Mpishi hutia kitunguu, nazi au karanga, chumvi, pengine magadi, na pilipili kwa wanaoipenda. Halafu mabaki ya chungu hicho hupewa mbwa. Hapa majani hayana hatia tena. Kinachomdhuru mbwa ni kitunguu.

Kitunguu maji huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kikiwa kibichi, kimepikwa au kimekaushwa, ni hali moja. Kiasi cha kitunguu kinachozidi sehemu 5 katika 1,000 za uzito wa mbwa, kikiliwa kwa mara moja, kinatosha kuleta madhara. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni gramu 75, yaani kitunguu kimoja cha kadiri. Vipande vidogo vinavyotolewa kila siku navyo hujumlishana. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Ubaya wa sumu hii ni kwamba haionekani siku ile ile. Baada ya siku moja au siku kadhaa mbwa hulegea, anahema upesi, fizi zake zinakuwa nyeupe, na mkojo unakuwa mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi. Wakati huo mwenye mbwa amekwisha sahau alimpa nini, naye hulaumu minyoo.

Dawa yake ni rahisi. Kisamvu kikishaiva kwa maji matupu, teka sehemu ya mbwa, iweke kando ipoe, ndipo uunge chungu cha watu. Sahani ya mbwa iwe yake peke yake, ioshwe mbali na vyombo vya nyumba, kwa sababu mbwa ana minyoo inayoweza kumwingia mtoto.

Kwa kuwa nimefika katika mabaki ya sokoni, niongeze machache. Magunzi ya mahindi ya kuchoma humezwa na mbwa yakiwa mazima au nusu, yakaziba utumbo, na mbwa hufa kwa maumivu makali. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani visitolewe. Zabibu huharibu figo za mbwa, zikiwa mbichi au kavu. Majani ya magimbi yakiwa mabichi huwasha kinywa na koo. Mchicha, maboga yaliyopikwa na karoti havina neno kwa kiasi kidogo.

NI SUMU AU NI KICHAA?

Turudi kwa yule jike mweusi. Mbwa aliyekula sianidi huonyesha dalili upesi, kati ya dakika chache na saa chache baada ya kula. Anahema kwa nguvu, anatokwa na mate, anatapika, anayumba, misuli inatetemeka. Fizi zake mwanzoni huwa nyekundu sana kuliko kawaida. Halafu huanguka na kutupa miguu. Jana alikuwa mzima, na tabia yake ilikuwa ile ile.

Kichaa cha mbwa huja kwa siku, hakiji kwa saa. Kwanza tabia hubadilika: mbwa mpole anakuwa mkali, au mbwa mchangamfu anajificha gizani. Hubweka kwa sauti iliyokwaruza. Huuma bila kuchokozwa, hata vijiti na mawe. Taya hulegea, mate hutiririka kwa kuwa hawezi kumeza, miguu ya nyuma hulegea, kisha hufa, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Watu husema mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Siyo. Anayeogopa maji ni mtu aliyeambukizwa. Mbwa anaweza hata kuvuka mto.

Umesoma tofauti, lakini usiku, ukiwa na tochi moja na watu wanapiga kelele, tofauti hizo hutaziona vizuri. Kwa hiyo mtendee kila mbwa anayeyumba na kutoka mate kama vile ana kichaa. Usitie mkono kinywani mwake kwa sababu yoyote. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mnyama anayetupa miguu hawezi kumeza, na maziwa yataingia mapafuni. Waondoe watoto, mfungie mahali akiwa peke yake ukiweza bila kumgusa, na umwite bwana mifugo. Kama ni sianidi, iko dawa ambayo daktari wa mifugo humchoma mshipani, lakini inafaa tu akifikiwa mapema. Mweleze mbwa amekula nini, saa ngapi. Kama bado yako majani au maganda, mwonyeshe.

Mbwa akifa, mzoga usitupwe jalalani. Kichaa huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo, na bwana mifugo ndiye ajuaye jinsi ya kuchukua kichwa na kukipeleka. Ukiisha kutupa mzoga umetupa jibu. Pale Kariakoo jibu lilitupwa hivyo.

Mtu aliyeumwa, aliyekwaruzwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa katika kidonda, jicho au kinywa, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Halafu aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, na aimalize kwa tarehe zote atakazopewa. Asisubiri kuona kama ataugua. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na mbwa aliyechanjwa kila mwaka humpunguzia mwenyewe wasiwasi wote huu, kwa kuwa akiyumba usiku, jambo la kwanza la kufikiriwa huwa ni chakula.

Mtoto wa ua ule alikuwa na mchubuko mdogo kidoleni. Mama yake alisema ni wa jiwe, hauna uhusiano na mbwa. Mlinzi alishikilia, wakaenda hospitali kesho yake asubuhi, na mtoto akaanza sindano. Mlinzi naye amenunua kinu kidogo cha mbao, na sufuria ya mbwa haina kifuniko.